Mkwe wangu mwenye MBA na kamyo ya ndagala tuliyopeleka Mutakura

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mimi ni bibi wa Bujumbura, shule niliachia darasa la tatu, mtanivumilia. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Mjukuu wangu ananisumbua wiki nzima. Akasome MBA, ama aingie ile formation, mafunzo ya miezi sita wanayofundisha wafanyabiashara wenyewe?

Namjibu hapa.

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikuwa wanawake sita tunauza ndagala, wale samaki wadogo wakavu. Mkwe wangu Sefu, baba yake huyu mjukuu, alikuwa amerudi kutoka Ulaya na MBA yake. Tukamwachia mtaji wetu wote. Akajaza ndagala kamyo nzima, lori zima, pale bandarini.

Sisi tulikuwa na desturi. Asubuhi, kabla ya kufungua meza zetu sokoni, tunazunguka kusalimia watu. Nani kalala wapi, nani kakimbia, njia gani imefungwa.

Siku ile Sefu alikataa.

"Mama, salamu zenu zinakula asubuhi yote. Mi niko na étude hapa. Mutakura iko na familia mingi."

Étude ni karatasi zake za utafiti. Nilitaka kumuuliza ziliandikwa lini. Nikaenda kufunga magunia. Mutu wa darasa la tatu amuulize nini mutu wa MBA?

Tukapanda kamyo hadi Mutakura, mtaa wa kaskazini mwa mji.

Mutakura kimya. Makufuli milangoni, majani yameota kizingitini. Mawingu yanajikusanya, na ndagala wakinyeshewa ni mbolea. Jioni njia inafungwa.

Sefu anageuza karatasi. Mimi kusimama siwezi, nakwenda, narudi.

Nikaona mzee mmoja anafunga mzigo kwenye baiskeli. Nikamsalimia. Tukaongea watoto, mguu wake unaouma, mvua. Sefu anatazama saa.

"Na majirani, muzee, wanalala wapi sasa?"

"Gihosha, kwa ndugu zao. Nyumba moja watu makumi mbili. Na mi ndiko naenda, unipandishe basi, huu mguu apana mguu."

Tukampandisha na baiskeli yake. Kufika Gihosha, akawa anaita watu kwa majina akiwa juu ya magunia, nao wakatoka kununua. Gunia la mwisho lilishuka na matone ya kwanza.

Kurudi, Sefu akauliza taratibu: "Mama, hii mulisomea wapi?"

"Kwa meza. Na we ungepita pale asubuhi, saa hii tungekuwa tumekula."

Sisemi MBA ni upuuzi. Bila Sefu, sisi tungekuwa bado tunabeba beseni kichwani. Na kosa lilikuwa langu pia: swali nilikuwa nalo, nikalimeza kwa kuogopa cheti.

Jana mjukuu kamuuliza baba yake swali lile lile. Sefu hakuinua macho kwenye sahani.

"Jirani umemusalimia leo?"

Mtoto akatoka nje, nikamsikia anabisha hodi kwa jirani.

Waliosoma MBA humu, na waliosomea mezani, semeni ukweli: nyinyi mlianzia wapi?