Siku Ambayo Mbao Rangers Hawakucheza

Niliondoka Elburgon kwa sababu ya maneno ya kinyozi. Alimwambia mteja, "Yule mzee ndiye aliua timu yetu." Mzee mwenyewe ni baba yangu, niliyekuwa nimemsindikiza, na alikuwa ameketi pale pale akingoja zamu yake. Akaendelea kusoma gazeti.

Wenzangu wa Elburgon mnajua habari hiyo. Mbao Rangers ilikuwa timu ya kiwanda cha mbao, na Baba alikuwa kocha. Inasemekana alisahau siku ya mechi ya mwisho, timu ikafukuzwa kwenye ligi na ikafa. Baba yangu, ambaye hasahau hata siku ya kuchanja ng'ombe!

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nilishika njia kumtafuta mchezaji aliyekuwepo siku ile. Huko Njoro, ngano ilikuwa bado na umande. Nakuru nilikunywa chai nikiwa nimesimama, nikapanda gari la Naivasha.

Saa sita nilifika Olkaria, ambako mvuke hutoka ardhini ukinguruma. Kiptoo, kipa wetu wa zamani, ni fundi wa mabomba huko. Nilimkuta kwenye kibanda cha chakula karibu na geti la mtambo wa umeme.

"Mimi ni Wambui, binti wa kocha Kamau," nilimwambia.

Aliweka kijiko chini. "Mzee bado yuko?"

"Yuko. Na bado wanasema alisahau mechi."

"Hakusahau. Lori lilikuja mapema. Lakini kiwanda kilikuwa kimetangaza kinafungwa, tukakasirika, tukakataa kupanda. Mimi ndiye nilichochea wengine. Chama cha soka kilitaka kutufungia sisi wote tusicheze popote, Mzee akasema kosa ni lake. Ndiyo maana nikapata timu huku, halafu kazi."

"Na hukurudi kusema?"

"Niliona aibu, madam."

"Hata mimi ningeona. Twende."

Saa tisa tulikuwa barabarani. Tulipopita Lanet, Kiptoo aliuliza kama uwanja wetu bado upo.

"Wamepanda viazi," nikamjibu.

Jioni Baba alimkuta Kiptoo amesimama zizini. Alimtazama kutoka juu hadi chini. "Umenenepa. Siku hizi ungeziba goli lote." Kisha akamshika mkono, hakuuachilia haraka.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Kiptoo aliwaeleza yote. Wengine walikuja kumwomba Baba msamaha. Aliwauliza habari za mashamba yao.

Nilidhani nimesafiri kumtetea mtu asiyeweza kujitetea. Tulipofika nyumbani nilimuuliza mbona hata mimi hakuniambia.

"Niliwapa wale vijana neno langu kwamba sitasema. Wewe ungenyamaza?"

"Singenyamaza."

"Basi," akasema, akaenda kukamua.