Mkalimani wa Ushuru wa Samaki

Kapaso, tarishi wa chifu, alinikuta kijijini Kabuta nikigeuza samaki juu ya moshi, mikono myeusi hadi viwikoni. Alishuka kwenye baiskeli akihema, akamsalimu mama mkwe wangu kwanza, kisha akasema baraza la Nchelenge linaniita. Sasa hivi.

"Amefanya kosa gani?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna kosa, mama. Karani anayetafsiri ameshikwa na homa, hata kukaa hawezi. Na wachuuzi wa ng'ambo wamejaa barazani, wanasema Kiswahili chao cha Kongo. Huyu mkwe wako si alikulia Katanga?"

Ni kweli. Baba yangu alifanya kazi mgodini kule, nami Kiswahili nilikiokota kambini nikicheza na watoto wenzangu. Tuliporudi kwetu ziwani nilikuwa msichana mkubwa. Hapa lugha ya nyumbani na ya kanisani ni Kibemba. Kiswahili ni cha ufukweni, cha kupatana bei. Sikuwahi kufikiri kwamba kingenipeleka mbele ya chifu.

Nilinawa, nikafunga chitenge safi. Mama mkwe aliniweka sawa kitambaa cha kichwani, akaninong'oneza, "Sema wanachosema wao. Usiongeze chumvi."

Nikapanda nyuma ya baiskeli ya kapaso. Moyo ulinidunda njia nzima, na sitadanganya, si kwa hofu peke yake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikuwa nimewahi kuitwa mahali popote na serikali.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na kodi ilikuwa gumzo la kila siku. Wanaume walilipa kodi ya kichwa, mwenye baiskeli alilipia baiskeli, mwenye mtumbwi alilipia mtumbwi. Sasa baraza lilitaka ushuru mpya: shilingi moja kwa kila kitunga cha samaki wakavu kinachoondoka ufukweni. Wachuuzi waliovuka ziwa kuja kununua samaki wetu walikuwa wameapa kutolipa.

Ukumbi ulikuwa wa matofali, na watu walikuwa wamejaa hadi madirishani. Chifu alikaa mbele na washauri wake. Nilipiga magoti, nikapiga makofi ya heshima nikimwita Mfumu, nikaambiwa nisimame katikati.

Kiongozi wa wachuuzi, mtu mnene mwenye kofia ya majani, hakungoja.

"Mama, ambia bale bazee hivi: kule kwetu banatukamata franga ya kodi, huku banatukamata tena. Tukilipa, tunapata nini? Tunalala inje na samaki yetu, mvua inatupiga!"

Nikatafsiri. Mshauri mmoja mzee akajibu kwamba fedha ni za madawati ya shule. Nikatafsiri. Mchuuzi akasema watoto wake hawasomi Nchelenge. Nikatafsiri. Maneno yalianza kurushwa kama mpira, nami nikayadaka huku na huku, jasho likinitiririka, ulimi ukiwaka moto. Sijui nieleze vipi raha ile. Wazee wazima walikuwa wakiningoja nifungue mdomo ndipo waweze kukasirika!

Kisha mtu wa kofia alimnyooshea kidole yule mshauri mzee.

"Ambia ule muzee: baraza yake iko sawa na kambale. Kichwa mukubwa, nyama kidogo!"

Nikamgeukia chifu, nikasema kwa Kibemba, "Anasema baraza ni kubwa na lina heshima."

"Mwongo!" Sauti ilitoka dirishani. Ilikuwa ya kijana mbeba samaki, mmoja wa wale wanaopeleka samaki bara kwa baiskeli, na kumbe alijua lugha zote mbili. "Mfumu, hakusema hivyo hata kidogo!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Chifu alinitazama, akasema polepole, "Mwanangu, tupe maneno yote. Mazima."

Nikayatoa. Kambale, kichwa, nyama, yote.

Mshauri mzee alifura. Lakini chifu alianza kutikisika mabega, na nilipogundua kwamba anacheka, ukumbi mzima ulikuwa umeshaangua kicheko. Hata wachuuzi, ambao hawakuelewa tumecheka nini hasa, walicheka. Na katika kelele ile nilijikuta nimepiga magoti tena.

"Mfumu, naomba kusema neno langu mwenyewe."

"Mwanamke hasemi hapa," mshauri akafoka.

"Amesema asubuhi yote," chifu akajibu. "Kwa ajili yenu. Aseme."

Nikasema, sentensi moja kwa Kibemba, moja kwa Kiswahili, ili pasiwe na wa kunisahihisha dirishani. Niliwaambia jinsi wifi yangu alivyoshikwa na uchungu kisiwani Chisenga, tukampakia kwenye mtumbwi kumleta zahanati, na upepo ukatugeuka. Alijifungua katikati ya maji, mimi nimeshika mtoto kwa mkono mmoja na kopo la kukumba maji kwa mwingine. "Mama na mtoto walipona kwa bahati," nikasema. "Kisiwani kuna wavuvi wetu na kuna wachuuzi hawa, na wote huumwa. Ushuru ununue boti ya injini ya kubeba wagonjwa, na mabati kidogo ya kibanda cha samaki. Hapo kila mtu atajua analipia nini."

Mtu wa kofia alivua kofia yake.

"Ile boti," akauliza, "itabeba hata mutu wa Kongo?"

Nikamtafsiria chifu. Chifu akasema mgonjwa hana ng'ambo.

Walibishana mpaka jua likaegemea ziwani, lakini sasa walibishania kiasi tu. Walikubaliana nusu shilingi. Niliporudi Kabuta sauti ilikuwa imenikauka kabisa, nikamsimulia mama mkwe kwa kuigiza kwa mikono, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Kibanda kilijengwa kwanza, na kilivuja. Boti ilikuja kiangazi cha mwaka uliofuata, ya buluu, injini yake ikipiga kelele kama mashine ya kusaga. Watu wa Chisenga waliingia majini kuipokea, wengine na nguo zao za kanisani. Nilipanda siku ile, nikashika ubavu wa boti kwa mikono miwili, nikipiga vigelegele bila kukoma.

Mwezi haukuisha kabla ya ugomvi kuzuka upya: petroli inunuliwe na nani? Baraza likaitishwa. Karani alikuwa mzima wa afya, na hakuna kapaso aliyetumwa kwangu. Nilifunga chitenge, nikaenda kwa miguu, nikafika kabla ya washauri.