Ngumi ya Papa Chini ya Landrova

Chuma chekundu kikitumbukizwa kwenye mafuta machafu ya injini hutoa harufu ambayo siiwezi. Juzi ilinipata nilipopita karibu na mafundi wa mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi (mtaa, jamani, si nchi). Mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikaharakisha hatua kama mtu anayefukuzwa.

Ni harufu ya ua wetu wakati Katanga ilipojitenga. Sisi tulikuwa watu wa Kasai. Mimi nilizaliwa mjini humu, lakini siku hizo kuzaliwa hakukusaidia kitu. Vijana walikuwa wakivunja milango ya watu wa kwetu, na jirani aliyezoea kutuletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaanza kupita akiangalia upande mwingine. Asubuhi Mama alifunga sufuria ndani ya kitenge, mchana akazifungua ili tupike, jioni akazifunga tena. Hakuna aliyeweza kukaa kitako. Hata kuku walikuwa na wasiwasi, ingawa labda ni kwa sababu tulikuwa tukiwachinja mmoja mmoja.

Papa alikuwa fundi wa magari. Tonton Kabeya, kaka wa Mama, alikuwa na Landrova kuukuu ya kubebea mahindi, naye alizijua njia za kichakani upande wa Kasumbalesa, ambako tungevuka mpaka bila kukutana na askari. Njia zenyewe zilikuwa mashimo na mawe matupu. Gari likijazwa watu, resori zake, yale mabamba ya chuma yaliyopinda na kupangwa moja juu ya jingine, zingekatika kabla hatujafika mbali. Kwa hiyo Papa akaamua kuunda nyingine, nzito zaidi. Alikata mabamba ya lori bovu, akayapasha moto kwa makala, yaani makaa, akayapinda kwa nyundo juu ya kipande cha reli, kisha akayazamisha kwenye pipa la mafuta. Moshi uliingia mpaka kwenye bukari, ugali wetu, tuliyokula.

Kila bamba jipya lilipofungwa, tulipimwa. Tulipanda wote nyuma: Mama, Kaku, yaani bibi yetu, dada yangu mkubwa na mtoto wake, wadogo zangu na mimi. Tonton Kabeya alishika usukani. Papa alilala chali chini ya gari, akajaribu kupenyeza ngumi yake kati ya ekseli na shasi. Ngumi ikiingia, gari lingehimili mashimo. Haikuingia.

"Gari iko inalala bado," alisema kutoka huko chini. "Kapinga, shuka kwanza."

Kapinga ndiye mimi. Kwa nini kila mara mimi? Nilikuwa na mwili, sikatai. Wadogo zangu walicheka, na Kaku akasema nimekula akiba yote ya nyumba. Mimi nilishuka roho mkononi. Nilipokanyaga chini tu, ngumi ya Papa ikaingia, nikajua mtu wa kubaki amepatikana.

Nikaanza kujinyima. Bukari yangu nilimpa mdogo wangu, nikasingizia tumbo. Papa aliona. Alirudi kwenye makala na kugonga chuma kwa hasira, hata Mama akapiga kelele, "Papa Kapinga, utatuitia baaskari na ile nyundo!"

Siku ya mwisho tukapanda tena. Ngumi ikaingia, na mimi nimo ndani! Nilishangilia mpaka Kaku akanifinya.

"Sasa njo imetosha," alisema Tonton Kabeya. "Ukiongeza bamba ingine, ekseli itavunjika."

"Basi muende," Papa alijibu, akijipangusa mikono. "Mi nitakuya nyuma."

Tuliondoka mchana peupe, saa askari wanapokula. Nilimpungia Papa mkono kwa kiburi cha mtu aliyepata kiti. Gari liliruka mashimo, resori zikalia njia nzima, lakini hazikukatika. Tukavuka.

Papa alitufikia baada ya muda mrefu sana, amekonda, jicho moja halifunguki vizuri. Tulikuwa tumesharudi Lubumbashi, nami nina watoto wangu, siku moja nikimmiminia chai, jambo lililokuwa wazi tangu zamani likanijia: kila tulipopimwa, yeye alikuwa chini ya gari, uzito wake haumo. Mpaka siku ile niliamini kiti kile nilikipata kwa kushinda njaa. Nikamkasirikia kama mtoto.

"Papa, kila siku ulikuwa unanishusha miye. Weye mwenyewe haukupandaka hata siku moja!"

Alicheka kidogo, akasugua jicho lake bovu.

"Nilipandaka," alisema. "Siku ya kwanza kabisa, mulikuwa mungali munalala. Na Kabeya tulitiaka magunia ya mahindi pa nafasi yenu bote, gari ikalala. Muntu wa kwanza nilishushaka, ni mi."