Kuttan kasema hamna moto

Leo nimebeba mtungi uliojaa gesi nikaupeleka kujazwa gesi.

Chekeni, lakini sikilizeni.

Wiki nzima tumbo langu limetuna kama ngoma. Tangu mafuta ya hawa Waarabu yapande bei, kazi bandarini haziishi, nami nikirudi chumbani, mtaa wa Kandara, nakula bakuli la kachumbari, basi.

Leo Kuttan, Mhindi wa Kerala ninayekaa naye chumba kimoja, kanikuta nakata vitunguu. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza: "Nar mafi."

Hamna moto.

Mimi huyo! Nikachomoa mtungi, nikateremka nao ghorofa tatu. Mbona mzito hivi? Nikadhani ni njaa yangu.

Mwenye duka akautikisa, kisha akaniuliza kama mimi ni mzima.

Nikarudi nahema. Kuttan hakucheka hata kidogo. Akanigusa tumbo: "Hina nar mafi." Humu ndimo hamna moto!

Akanieleza taratibu. Kwao, kwenye Ayurveda, tiba yao ya jadi, tumbo ni jiko, na jiko lililofifia halipewi vitu vibichi.

Kisha akachukua kachumbari yangu yote, akaikaanga kwa samli, tangawizi na bizari nyembamba. Jamani, kachumbari! Nilitaka kulia.

Nimekula. Tumbo limenyamaza. Huyu bwana ana elimu, na wala hajisifu.

Watu wa pilau, haya, nitukaneni. Ila mjue gesi ilikuwepo tele, mtungini na tumboni.

Kilichokosekana ni moto.