Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Fundi cherehani jirani yangu hupima kitambaa mara mbili kabla ya kukata. Huongea na pini zimebanwa midomoni na hata moja haidondoki. Kila mwezi huenda kliniki ya presha, akarudi akitamba: "Nesi kasema iko sawa, jirani." Jana aliniomba nimtolee kifungo cheupe kwenye mojawapo ya makopo yake ya vifungo. Nikafungua kopo lisilo lenyewe, nikakuta vidonge vyake, pakiti juu ya pakiti, vya miezi minne, vimeguswa vichache tu.

"Fundi, humezi dawa?"

"Nameza," akasema, huku anakanyaga cherehani. "Siku tatu kabla ya kliniki. Hata nguo ya mteja naipiga pasi mwenye nguo akikaribia kuja kuichukua."

"Nani kakufundisha mambo haya?"

Akaondoa mguu kwenye cherehani. Akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, zote zimepangika mstari mmoja.

"Marehemu mama watoto," akasema. "Miaka sita yote ya presha yake, kule kliniki hawakuwahi kumgombeza hata siku moja."