Boksi la Magazeti na Mahindi ya Njano

Siku niliyojiondoa mwenyewe kwenye orodha ya chakula naikumbuka vizuri, mwanangu, hata leso niliyojifunga naikumbuka. Ilikuwa mpya. Tumbo lilikuwa tupu tangu jana yake, lakini leso ilikuwa mpya, na hapo uanze kuelewa nilikuwa mwanamke wa namna gani.

Mvua zilikuwa zimekosa mara mbili mfululizo. Tulikaa Mraru, huku chini kwenye joto, si kule milimani ambako hata mwaka mbaya huacha ndizi mbili tatu. Mahindi yetu yalinyauka kabla ya kufika magotini. Serikali ikatangaza kwamba italeta mahindi ya msaada, yale ya njano, ambayo siku za shibe tungewamwagia kuku na kucheka.

Mume wangu, Mwakio, alikuwa na kazi ya mshahara Mombasa. Niseme ukweli, nilikuwa naringa. Kila mwisho wa mwezi nilishuka Voi, kwenye stendi ya basi, kupokea boksi alilonitumia: sukari, sabuni, mafuta, pengine leso. Nililibeba kichwani mchana kweupe, nikapitia njia ndefu ili kila nyumba inione. Majirani wakanibandika jina la Mama Boksi, nami nikalipenda. Jirani yangu Wakesho, ambaye mumewe alikwenda zake asirudi, nilimwambia siku moja kisimani kwamba mwanamke anayejua kutunza mume haachwi. Mungu anisamehe. Ulimi hauna mfupa.

Kisha boksi likakoma kuja. Mwezi wa kwanza nikasema basi limechelewa. Mwezi wa pili nikasema Mwakio anaumwa kidogo. Mwezi wa tatu nilishuka Voi na boksi kuukuu nimelikunja ndani ya kikapu. Nikaomba magazeti ya zamani dukani, nikalijaza, nikalifunga kwa kamba ya katani, nikarudi nalo kichwani kwa njia ileile ndefu. Ukinicheka sitakasirika. Nilifanya hivyo miezi minne.

Aliyejua ni mmoja tu, mama mkwe wangu Mghoi, niliyekaa naye nyumba moja pamoja na binti yangu Saru, aliyekuwa na miaka mitatu. Alinikuta nikiyatoa magazeti na kuyaficha chini ya kitanda. Akatazama, akarudi nje kuendelea kusuka kikapu chake. Hakunisema siku ile wala siku nyingine.

Basi likaitishwa baraza la kuandikisha watu. Naibu wa chifu alikuwepo na karani wake. Tukaambiwa mahindi hayatatosha wote, kwa hiyo kila jiko litaandikwa jina moja, na wenye shida zaidi wataanza.

"Nyumba inayotumiwa kitu na mtu wa mshahara," karani akasema, "isimame kando kwanza. Hao wataangaliwa baadaye."

Hakumtaja mtu. Lakini macho yote yaligeuka kunitazama mimi, Mama Boksi, maana wiki mbili tu kabla ya hapo walikuwa wameniona nikipita na mzigo wangu. Moyo uliniambia, sema. Nikamwona Wakesho amekaa chini na watoto wake, ananiangalia. Nikainuka, nikajipangusa vumbi kwenye leso, nikasimama kando. Ndipo nikasikia nyuma yangu mtu akijikokota kuinuka. Alikuwa Mghoi. Naye alikuja akasimama karibu nami, mkono wake begani mwangu, na nyumba yetu haikuandikwa.

Lori la kwanza lilipokuja, harufu ya ugali wa njano ilitufikia kutoka kila upande. Sisi tulichemsha mboga za mwitu na maji ya chumvi. Mghoi alikuwa akimwekea Saru fungu lake, akisema yeye amekula kwa wenzake wa kanisani. Nilijua hajala. Mwanangu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: nilijua, nikajifanya nimeamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kuliko kwenda kusema.

Siku moja alipita Mzee Righa, mzee wetu wa kijiji. Tulipokuwa tukisalimiana mlangoni, Saru akalivuta boksi kutoka ndani ili achezee, kamba ikalegea, magazeti yakamwagika miguuni pake. Mzee aliyatazama. Akamtazama Mghoi aliyelala mkekani, mashavu yamebonyea. Nilingoja anipigie kelele, lakini alisema polepole.

"Mke wa Mwakio, hii aibu yako unailisha sana. Umeilisha chakula chako, umeilisha cha mtoto, sasa naona inamla mama yetu. Mficha uchi hazai. Kesho uende kwa karani ukaseme."

Nilikwenda. Nilikuta foleni ya watu, na karani akaniuliza kwa sauti shida yangu. Nikasema mbele yao wote: mume wangu hatumi kitu, huu ni mwezi wa saba, na boksi mlilokuwa mkiliona ni magazeti. Nilijua watacheka. Hakucheka mtu. Wakesho, yuleyule wa kisimani, alitoka kwenye foleni akaja kusimama nami. "Ungesema mapema, mama Saru," aliniambia. "Tungekula pamoja." Nililia hapo hapo, mbele ya watu.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwamba orodha ya mwezi ule ilishapelekwa wilayani, na lori lijalo litakuja na magunia ya majina yaliyomo tu. Jina letu angeliandika kwenye orodha mpya. Aliliandika nikiona, jina la Mghoi, kwa kuwa ndiye mwenye boma.

Siku ya kwanza tuliyoambiwa, lori la orodha mpya halikuja. Tukaambiwa barabara imeharibika. Siku ya pili tukaambiwa magunia bado yanapakiwa, ya tatu hatukuambiwa kitu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilikuwa nimeshajingojesha mwenyewe wiki nyingi kabla serikali haijaningojesha. Kila nilipotoka kule mikono mitupu nilipita kwa Wakesho, naye akanipimia bakuli kutoka kwenye gorogoro yake, kopo lake la mahindi, yeye mama mwenye watoto wanne. Nilimpikia Mghoi uji. Alionja vijiko viwili, akasukuma bakuli kwa Saru. Tumbo lake lilikuwa limeshasahau kupokea.

Jioni moja nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza. "Mama, siku ile ya baraza kwa nini uliinuka? Ungekaa, wangekuandika."

Akanishika mkono. Kisha akasema, "Ningekaa, ungebaki mwongo peke yako. Ungevunjika, mwanangu. Nikaona afadhali tuwe wawili."

Alifariki alfajiri ya Alhamisi. Jumamosi tulipokuwa tukijiandaa kumzika, tukasikia lori likipanda barabarani. Mzee Righa akanijia, akaniambia niende, watu wa mazishi hawana chakula. Nikachukua kikapu alichokuwa akikisuka Mghoi, hakikuwa kimekwisha ukingo, nikaenda. Karani akasoma majina. Alipofika kwa Mghoi alisita, maana habari ilikuwa imemfikia, lakini jina lilikuwa limeandikwa na ilibidi aliite. Nikaitika mimi.

Mahindi yale ya kwanza kwa jina la mama mkwe wangu tuliwapikia waombolezaji wake. Moto niliuwasha mimi, kwa magazeti na lile boksi. Wakesho na wanawake wengine walisonga ugali, watu wakala, Saru akala akashiba akalala.

Mwakio alikuja wiki tatu baadaye, mikono mitupu, amekonda. Kumbe kazi ilikwisha zamani, na yeye aliona haya kuturudia bila kitu. Nilikuwa nimemwekea maneno makali, lakini nilipoyasikia hayo nilimpeleka kwenye kaburi la mama. Yeye alificha kwake, mimi nikaficha kwangu, na katikati yetu akafa mama.

Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na umaskini nao ni hivyo hivyo. Usione haya kuandikwa. Chakula kikichelewa, rudi ukaulize, na wakikuambia kesho, kesho uwe wa kwanza mlangoni, maana jina lisilotajwa halina wa kulikumbuka. Jirani yako mwambie mapema, hata kama uliwahi kumtukana. Yeye ana roho nzuri kuliko unavyomdhania. Na mtu wa nyumba yako akikuambia ameshiba, mtazame usoni. Usijifanye umeamini kama mimi.

Mungu akupe riziki yako kwa wakati wake. Ikichelewa, akupe mdomo wa kusema una njaa, na akupe mtu kama Mghoi wa kusimama nawe. Na ukimpata, mwanangu, wewe ndiye umrudishe akakae chini, aandikwe.