Maboksi ya Uji Yaliyokwenda Homa Bay Kutafuta Mng'ao

Nilitoka Kegonga kwa sababu ya mdomo wangu. Dada yangu Gati na wanawake wenzake wa kikundi walikuwa wamesaga wimbi lao, wakachapisha maboksi ya unga wa uji, na supamaketi moja ya mjini Migori ikakubali kuwapa nafasi kwenye rafu. Lakini meneja alipoyaona maboksi alisema yanafanana na ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Yalikuwa ya rangi ya udongo, makavu, hayang'ai popote, na katikati ya vitu vinavyomeremeta hakuna mteja angeyaona. "Rudini Jumatatu na kitu cha kuvuta macho," aliwaambia, "ama hiyo nafasi nimpe mtu wa biskuti." Unga ulikuwa tayari kwenye magunia, na wadudu wa unga wana haraka kuliko meneja.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Mimi niliacha shule darasa la saba. Tangu wakati huo nimekuwa utingo wa lori, mchimba dhahabu, muuza miwani, na mambo mengine ambayo Gati hapendi yatajwe mbele ya watu. Siku hizo nilikuwa kwake wiki ya tatu, bado najiita mgeni.

"Hayo maboksi hayahitaji kuchapishwa upya," nilisema. "Homa Bay kuna fundi anayeng'arisha karatasi kwa mwanga wa leza."

Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Kwenye arusi moja huko Rangwe nilishika kadi ya mwaliko yenye maua yaliyowaka kila nilipoigeuza. Nilipoyapapasa kwa kidole sikukuta kitu kilichobandikwa. Nilimdadisi bwana arusi mpaka akanipa jina la fundi, nadhani ili nimwache akakate keki. Huo ndio uliokuwa utaalamu wangu wote.

"Mwita," Gati akasema, "haya ndiyo maboksi yote tuliyo nayo. Hatuna mengine."

"Dada, niamini."

"Nilikuamini na yule mbuzi."

Habari za mbuzi sitazisimulia.

Alhamisi asubuhi niliondoka na lori la ndizi, nimekaa mbele na dereva. Maboksi yalikuwa hayajakunjwa bado, yamelazwa bapa kati ya mbao mbili na kufungwa kwa leso ya Gati, nami nimeyapakata. Dereva aliniuliza ndani ya maboksi kuna nini.

"Hakuna kitu."

"Unapeleka maboksi matupu Homa Bay?"

"Yanaenda kumulikwa."

Kuanzia hapo mpaka Rongo hakuniuliza jambo lingine.

Rodi Kopany tulikuta mvua. Dereva alisimama kushusha mikungu, na paa la lori lake lilivuja upande wangu, si upande wake. Nilivua koti nikayafunika maboksi, nikabaki nimelowa mpaka kwenye soksi, huku nikijiona shujaa. Hakuna aliyeniona zaidi ya mama mmoja muuza mahindi, naye alicheka.

Saa tisa alasiri niliingia Homa Bay. Barabara inateremka kuelekea ziwani, na harufu ya dagaa wa omena inakupokea kabla ya mtu yeyote. Karakana ya fundi ilikuwa nyuma ya duka la vitabu. Fundi mwenyewe alikuwa Akoth, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kijani, aliyezoea kuchonga mihuri na ngao za washindi wa mashindano ya shule. Mashine yake ilifanana na friji ya soda iliyolazwa chali. Nilipomweleza shida yetu alikata kipande cha karatasi iliyopakwa vanishi kama yetu, akakiweka ndani, akainua lenzi inayokusanya mwanga, akafunga kifuniko.

"Naona unaiweka ile lenzi juu," nikasema. "Kwa nini?"

"Ikiwa chini, mwanga unakusanyika, unakata. Nikiinua kidogo na kupunguza nguvu, haukati. Unayeyusha ngozi ya juu tu."

"Na ngozi ikiyeyuka ndiyo inang'aa? Kwa nini?"

Akoth alipumua. "Umepita barabara ya changarawe? Mwanga ukianguka pale unatawanyika huku na huku. Vanishi yenu iko hivyo, ina vijiwe vidogo visivyoonekana. Mimi nailaza, inakuwa kama lami iliyonyeshewa. Hakuna kitu nimeongeza."

"Na ukirudia mara mbili?"

"Omera, wewe ni mteja ama ni polisi?"

Kipande kilipotoka nilikigeuzageuza dirishani. Mahali alipopiga paling'aa kama maji, penginepo pakabaki udongo. Nilitaka kuuliza kama ingewezekana kung'arisha jani la mgomba, lakini nilimwona usoni nikaacha.

Ijumaa asubuhi tulianza. Akoth alichora kwenye kompyuta: suke la wimbi ling'ae, na jina la unga ling'ae, basi. "Mahali pakubwa pabaki pakavu," alisema. "Kila kitu kiking'aa, hakuna kinachoonekana." Kila boksi lilichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai, kwa hiyo kufikia adhuhuri nilikuwa nimelewa chai. Akoth ni Msabato, na alikuwa amenionya tangu mwanzo kwamba jua likizama siku hiyo mashine inazimwa, yawe yamekwisha au hayajakwisha.

Mchana, wakati tumebakisha upande wa nyuma ambao haukuhitaji kazi yoyote, akili yangu ilinijia. Nilikuwa nimelitazama boksi kwa muda mrefu mno. Pale nyuma kulikuwa na ile mistari myeusi inayosomwa na mashine ya kaunta, imekaa kinyonge kama uzio uliosahauliwa. Nikawaza: kule dukani, ni sehemu gani ya boksi inayotazamwa kila mara linaponunuliwa? Si hiyo mistari?

"Piga na hapa," nikamwambia Akoth.

"Hapo watu huwa wanaacha."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Wanaacha tu."

Mtu anayeuliza kwa nini siku nzima angefaa kushtuka alipokosa jibu. Mimi nilifurahi. Nilijiona nimemshinda fundi. "Mimi ndiye mteja," nikasema, kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Akoth alitazama jua dirishani, akageuza maboksi, akayapiga yote mistari ikang'aa. Tulimaliza likiwa bado limesimama juu ya ziwa kiasi cha kiganja.

Jumamosi sikuwa na usafiri wala kazi. Akoth aliniambia, "Njoo kanisani unyamaze saa chache." Nilikwenda, nikanyamaza mpaka chakula cha mchana, kisha nikamwonyesha bibi mmoja boksi nililokuwa nimelificha ndani ya koti.

"Kijana, leo ni Sabato. Hatununui."

"Siuzi, mama. Naonyesha tu."

"Kuonyesha ndiko kuuza," akasema. Lakini aliligeuza kwenye mwanga mara tatu kabla ya kunirudishia, nami nikalala na furaha.

Jumapili alasiri nilifika Migori. Gati na wenzake walikuwa wamefikia nyumba ya mmoja wao, magunia yamepangwa sebuleni. Nilifungua leso. Wanawake wakasogea karibu. Kisha Mama Boke, mkubwa wao, akainua boksi, suke la wimbi likawaka, akasema, "Mwita, leo umefanya kitu." Nilijifanya sikusikia ili arudie. Walikunja, wakajaza, wakafunga, na Gati aliniwekea kipande cha nyama ambacho kwa kawaida hakinifikii.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa supamaketi. Meneja alichukua boksi moja, akaligeuza, akaligeuza tena. Akamwita mwenzake. "Hili sasa ni boksi," alisema. Gati alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua. Meneja akampa msichana wa kaunta aliingize kwenye mashine.

Mashine haikulia.

Msichana alilipitisha tena, akalinyoosha kidogo, akalifuta kwa kiwiko. Kimya. Wateja walianza kupanga foleni nyuma yetu, na mzee mmoja mwenye mkate akasema, "Uji umekataa kulipiwa." Watu wakacheka. Walijaribu boksi la pili na la tatu. Meneja alilisogeza karibu na macho, akaona mistari inavyomeremeta.

"Nani aling'arisha hapa?"

Hakukuwa na mahali pa kujificha isipokuwa nyuma ya Mama Boke. Nikasema ni mimi.

"Mashine inasoma weusi na weupe," meneja akasema. "Hapa inaona taa yake yenyewe, kama kioo. Mama, boksi ni zuri, lakini kitu kisicholia hapa hakipandi rafu. Yule wa biskuti anakuja saa tano."

Tulitoka nje kwa mlango wa nyuma. Gati alibeba boksi moja mwenyewe. Aliketi kwenye kreti ya soda karibu na jiko la muuza chai, akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Hebu niambie. Huyo fundi alipaka nini hapa?"

"Hakupaka kitu. Alilaza vijiwe tu. Ni kama barabara ya changarawe ikitiwa lami, mwanga sasa..."

"Hakupaka kitu?"

"Hata kidogo. Ni ngozi ileile."

"Kwa hiyo nikiikwaruza, vijiwe vitarudi?"

Vingerudi. Siku nne nilikuwa nimebeba jibu hilo kichwani kama mzigo wa mtu mwingine. Gati alichota majivu baridi chini ya jiko, akayatoa punje, akachovya pembe ya leso, akasugua ile mistari polepole kwa mduara, kama anavyosugua sufuria. Akapuliza, akafuta. Mng'ao ulikuwa umekufa na weusi umebaki. Aliingia ndani na lile boksi, sisi tukasimama mlangoni. Tulisikia "ti".

Mama Boke alinikabidhi leso na kopo la majivu. Nilikaa kwenye ile kreti nikasugua boksi baada ya boksi, nikiondoa kwa mikono yangu kile nilichosafiri hadi ziwani kukitafuta. Wanawake walifuta na kupeleka ndani. Kabla ya saa tano rafu ilijaa.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini ni changu: fundi akisema "watu huwa wanaacha" na hajui sababu, sababu ipo, na itakungoja kaunta. La pili ni kwamba mimi hujua namna kitu kinavyofanya kazi, na Gati hujua cha kukifanyia.

Nilinyemelea ndani kuona. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya rafu, analiinamisha boksi letu huku na huku, suke linawaka na kuzimika. Akalitia kwenye kikapu. Nilitaka kumweleza habari za lenzi. Mlinzi akanishika bega, akatazama majivu yaliyonifika kwenye viwiko.

"Wewe wa makaa," akasema, "mlango wenu ni ule wa nyuma."

Nikatokea huko.